Uliza Fundi: Bei ya kazi ya jioni

SWALI: Ndugu mhariri, nina ajira ya kutwa, na jioni natengeneza baiskeli za majirani. Natoza kidogo kwa kuwa mshahara ninao. Fundi wa kijiweni, ambaye hana kazi nyingine, anasema namharibia soko. Je, nakosea? Na spea, naruhusiwa kuziongezea bei?
Msomaji, Shinyanga

JIBU: Fundi huyo ana haki. Unafuu wa bei yako unalipiwa na mwajiri wako, na yeye hana wa kumlipia. Anza na bei ya mtaani kwa kazi ileile. Kazi usiyoiweza usiirahisishe, mpelekee yeye.

Chukua habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, inayokwaruza. Kazi kamili ni kutoa ekseli, kusafisha grisi kuukuu kwa mafuta ya taa, kukagua koni (nati za pia zinazobana gololi) na vikombe vya habu ambamo gololi huzunguka, kuweka grisi na gololi mpya za robo inchi, kwa kawaida 18, tisa kila upande, kisha kurekebisha koni mpaka gurudumu lizunguke laini bila kucheza. Koni ikikazwa mno, gololi huichimba. Ikilegea, gurudumu hutikisika na koni huliwa. Anayepachika grisi mpya juu ya uchafu wa zamani anaweza kutoza nusu, na mteja hataona tofauti kwa macho. Kwa hiyo unapotaja bei, taja na kazi utakayoifanya.

Muda utoze ule ambao fundi mzoefu angeutumia. Kama kazi ya dakika 40 imekuchukua saa mbili kwa sababu huna spana nyembamba ya koni, hasara hiyo ni yako. Nati iliyoshikwa na kutu, au kikombe kilichochimbika, ni jambo jingine: simamisha kazi, mwonyeshe mwenye baiskeli, mpatane upya kabla hujaendelea.

Kwenye spea, nyongeza ndogo ni halali ikiwa ulizinunua kwa fedha yako na utazibadilisha zikiwa mbovu. Tuseme koni umeinunua shilingi 1,500 ukaiuza 1,800. Hapo hakuna dhuluma. Dhuluma ni kuapa kwamba 1,800 ndiyo bei ya dukani. Spea za zamani mkabidhi mteja, hata zikiwa gololi zilizokwisha. Akileta spea zake, toza ufundi tu, na umwambie mapema kwamba unadhamini mkono wako, si spea.

Gurudumu lililosukwa kwa spoki mpya hulegea kidogo siku za mwanzo, kwa kuwa spoki zinakuwa bado zinajikalisha kwenye habu na rimu. Kulinyoosha mara ya pili kuwe ndani ya bei ya kwanza. Kumtoza tena mtu huyo ni kumlipisha kazi ambayo hukuimaliza.

Ukitaka kumsaidia mwanafunzi au mzee asiye na kitu, taja bei kamili kwanza, kisha punguza mbele yake. Hapo siku akienda kijiweni hatamwona yule fundi kuwa mwizi.

SWALI: Nimeajiriwa kwenye karakana ya baiskeli. Mteja wa pale akiniomba nimtengenezee nyumbani kwa bei nafuu, nikubali?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Hapana, huyo kakufahamu kupitia karakana. Jirani ambaye hajawahi kufika pale ni halali yako, ila kwa spana zako na grisi yako, na tajiri wako awe anajua.