Jibu la msomaji: Baada ya cheti, nani anamwita kazini?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii liliuliza kama vilabu vya huduma vinafanya vyema kutoa ruzuku za mafunzo ya kazi kwa watu wazima wasio na ajira, au ingekuwa heri fedha hizo ziende kwa vijana ambao bado wana miaka mingi ya kufanya kazi. Nimefundisha ufungaji wa umeme wa majumbani katika kozi zilizolipiwa na ruzuku za aina hiyo, na kwa maoni yangu umri si hoja. Hoja ni kile kinachotokea vyeti vikishagawiwa, na hapo ndipo ninapoona fedha nyingi zikipotea.

Nichukue mfano wa Rotary, mtandao wa kimataifa wa vilabu vya huduma, ambao taratibu zake ninazifahamu kuliko za wengine. Mfuko wake ulianza mwaka 1917 kwa pendekezo la Arch Klumph, na mchango wa kwanza ulikuwa dola 26.50 za Marekani. Leo ruzuku yake ya kimataifa haitolewi kwa mradi wenye bajeti iliyo chini ya dola 30,000, ni lazima klabu za nchi mbili zishirikiane, na mahitaji ya jamii yachunguzwe kabla ya ombi kupelekwa. Masharti hayo sina ugomvi nayo. Lakini ruzuku kama hizo hazikusudiwi kubeba gharama za uendeshaji za taasisi mwaka hadi mwaka, kwa hiyo kozi huwa na tarehe ya kufungwa, na inapofungwa, kitu chepesi zaidi kuhesabiwa ni idadi ya waliohitimu. Yule anayerudi nyumbani kukaa bila kazi anahesabiwa sawasawa na yule aliyeajiriwa kesho yake.

Nilikuwa na mwanafunzi mwenye umri wa kunizaa, ambaye alikuwa mtunza stoo kwa miaka mingi hadi kazi ilipokwisha. Yeye aliniita mwalimu, nami nilimwita mzee. Mwanzoni hakuuliza swali mbele ya vijana. Alisubiri watoke, ndipo anifuate na daftari lake. Katika mazoezi alikuwa wa mwisho kumaliza, kwa sababu alimenya waya taratibu, akilizungusha koleo kwenye ganda la plastiki bila kuikwaruza shaba, na hakugusa kitu kabla ya kupima kwa testa, kisha kupima tena palepale. Jambo ambalo sikumfundisha, wala halikuwa kwenye mtaala, ni kwamba kila waya ulioingia kwenye kisanduku cha fyuzi aliufunga kijikaratasi chenye namba, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, na upande wa ndani wa mfuniko akabandika orodha iliyoeleza namba ipi inakwenda chumba gani. Vijana walimwona anapoteza muda. Mimi nilimwacha.

Siku wafadhili walipotutembelea, wengi walisimama mlangoni kupigwa picha. Mmoja wao, mkandarasi wa majengo, alibaki nyuma, akafungua ule mfuniko na kusoma orodha yote akiwa ameinama.

“Mzee, hizi namba umemwandikia nani?”

“Fundi atakayekuja baada yangu,” alijibu. “Asianze kubahatisha.”

Mkandarasi aliandika namba yake ya simu. Kozi ilipofungwa, wahitimu wote walitakiwa kurudisha vifaa, kwa kuwa vilikuwa mali ya mradi, na ninakumbuka mzee akiifuta testa kwa kitambaa kabla ya kuikabidhi na kutia saini. Alikaa muda mrefu akiwa na ujuzi lakini hana hata koleo. Hatimaye mkandarasi alimwita, kwanza kama msaidizi wa majaribio, kisha akampa kazi ya kudumu. Baadhi ya wenzake waliompita katika mtihani hawakuitwa na mtu, na jambo hilo linanikera hadi leo, kwa kuwa kazi zao hazikufunguliwa mfuniko na yeyote.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema kwamba fedha hizi zipelekwe kwingine hadi vilabu vijipange. Sasa siwezi kusema hivyo, kwa sababu bila ruzuku ile mkandarasi yule asingeingia katika chumba kile, na mzee angebaki mtu wa umri mkubwa anayetuma barua za maombi zisizojibiwa. Klabu ya kwanza ya Rotary, Chicago mwaka 1905, iliwakutanisha wakili, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na mshona nguo. Watu wa kazi mbalimbali, ambao wengine wao ni waajiri, bado ndio wanaovijaza vilabu hivi, na muda wao karakanani unahitajika kama fedha zao.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, na watu wazima wapewe kipaumbele, ila kwa masharti. Mwanafunzi apate wiki kadhaa za mazoezi katika kazi ya mwanachama kabla hajapewa cheti. Vifaa vya msingi aondoke navyo, hata ikibidi idadi ya wanafunzi ipungue. Nauli na malezi ya watoto yaingie kwenye bajeti, kama wanavyofanya Soroptimist, shirika la vilabu vya huduma vya wanawake, ambao tangu mwaka 1972 huwatuza wanawake wanaotegemewa na familia zao ili wasome, na huwaruhusu kutumia fedha hizo hata kulipia malezi ya mtoto. Niliowaona wakiacha kozi mara nyingi hawakuwa wameshindwa somo. Na pale ambapo hakuna mwajiri anayeajiri, wala mteja mwenye uwezo wa kumlipa fundi, sidai kwamba kozi pekee italeta kazi. Hapo klabu ifikirie kwanza mtaji mdogo, na mafunzo yafuate.

Mwalimu wa ufundi umeme