Umeweka SSD, Laptopu Imegoma: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Shikamooni mafundi. Nina steshenari Ngamiani, Tanga. Laptopu ya kazi ilikuwa nzito, fundi akanakili C yote (sehemu ya diski yenye Windows) kwenye SSD, diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka, ya GB 240 akaifunga humo. Sasa nikiwasha inaandika "No bootable device". Nikirudisha diski ya zamani inawaka. Fundi anasema SSD ni mbovu, muuzaji anasema ni nzima. Nimwamini nani?

JIBU: Marahaba. Iulize BIOS (programu ya ndani ya laptopu inayowaka kabla ya Windows) kabla ya hao wawili. Washa huku ukibonyeza F2 mfululizo kama ni Dell, F10 kama ni HP, F1 kwa ThinkPad, kisha tafuta orodha ya diski. SSD isipoonekana, zima, chomoa chaji na waya wa betri, itoe uikandamize tena mpaka ikae sawasawa. Hapo pwani hewa ya chumvi huchafua meno yake. Yafute kwa spiriti safi, yakauke ndipo uifunge.

Ikionekana jina na ukubwa wake, basi yaelekea muuzaji yuko sahihi. Tatizo ni hayo maneno "C yote". Kwenye laptopu za UEFI (mfumo wa kuwashia wa laptopu za kisasa), Windows haiwaki kwa C peke yake. Pembeni yake kuna kisehemu cha diski chenye mpangilio wa faili wa FAT32, mara nyingi MB 100 tu, kisichoonekana ukifungua This PC. Faili za kuwashia zimo humo, na fundi amekiacha kwenye diski ya zamani.

Njia rahisi ni kurudia kazi: programu ya kukloni (kunakili diski kama ilivyo) ichague diski nzima, siyo C. Ukimaliza, zima na utoe diski ya zamani kabla ya kuwasha mara ya kwanza, maana Windows ikiona diski mbili zenye utambulisho mmoja huzima mojawapo.

Kama hutaki kurudia, na SSD imepangwa kwa GPT (mpangilio wa diski unaoendana na UEFI), tengeneza kisehemu hicho mwenyewe. Andaa flashi ya kupigia Windows, GB 8 au zaidi (vilivyomo vitafutika). Acha SSD peke yake ndani ya mashine, washa kwa flashi, na ukifika ukurasa wa lugha bonyeza Shift+F10, litafunguka dirisha jeusi la kuandikia amri. Andika diskpart, halafu list disk. Diski ya GPT ina alama ya nyota upande wa kulia. Isipokuwepo, ishia hapo ukakloni upya. Ikiwepo, andika list volume uone Windows imepewa herufi gani, kwani humo C hugeuka D mara kwa mara. Tuseme ni C na S haijatumika:

select volume C
shrink desired=300
create partition efi size=260
format quick fs=fat32
assign letter=S
exit
bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Ukiambiwa faili za kuwashia zimeundwa, chomoa flashi uwashe. Mitandaoni wengi watakuelekeza amri ya bootrec /fixboot. Kwenye UEFI mara nyingi hujibu "Access is denied" na kukupotezea jioni nzima. Achana nayo.

Ikianza kuwaka kisha ikaleta skrini ya buluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, angalia BIOS kama hali ya SATA (namna laptopu inavyozungumza na diski) imehama kati ya AHCI na RAID. Irudishe ilivyokuwa siku diski ya zamani ilipofanya kazi.

Na hiyo ya zamani usiifute kwanza. Ankara na kazi za wateja zikae humo mpaka SSD imefanya kazi wiki kadhaa.

SWALI: Nimenunua SSD ya NVMe, ile nyembamba kama kipande cha Big G. Imeingia vizuri na skrubu imefunga, lakini BIOS haiioni kabisa. Msomaji, Chumbageni.

JIBU: Kuingia si kukubaliwa. Tundu la M.2 (tundu jembamba la SSD za aina hiyo) la laptopu nyingi za miaka ya nyuma linasoma M.2 ya SATA tu, ingawa NVMe inakaa humo bila kusumbua. SATA huwa na mapengo mawili kwenye meno, NVMe kwa kawaida moja, ila zipo NVMe za mawili, kwa hiyo soma lebo. Tafuta mwongozo wa modeli yako: tundu likiandikwa SATA bila PCIe (njia ambayo NVMe hutumia), hakuna mpangilio wa BIOS utakaokusaidia. Irudishe dukani ubadilishiwe M.2 ya SATA yenye urefu uleule. Iliyoandikwa 2280 ina milimita 80.