Bwana yangu anakula nusu ya sahani tu

SWALI: Jambo munganga. Bwana yangu ni motari hapa Goma, alianguka na tukutuku kule Birere, kaske hakuvaa, akaumia kichwa upande wa kuume. Lopitali walimlaza, wakamruhusu. Sasa anatembea vizuri, anaongea vizuri, lakini nikimletea bugali na sambaza anakula za kuume tu, za kushoto anaziacha, halafu ananiuliza mbona chakula kidogo. Ndevu ananyoa nusu. Bega la kushoto linagonga mlango kila siku. Mama mukwe anasema amerogwa, shemeji anasema ananidharau. Nifanye nini? Mama wa Majengo.

JIBU: Pole sana mama, na yeye mpe pole yangu. Hakudharau, na urogi siuoni hapo. Akimaliza nusu yake usiseme kitu, zungusha sahani taratibu mpaka zile sambaza zilizobaki zije kuume. Akizimaliza umeona mwenyewe, njaa anayo, ila ubongo wake umeacha kushughulika na upande wa kushoto.

Ukipita Birere kuna honi, muziki, chukudu, watu wanaita bei, ubongo hauwezi kushika vyote, lazima uchague. Mwaka 1990 watafiti wa ubongo Michael Posner na Steven Petersen wa Marekani waliigawa kazi hiyo mara tatu: kukaa macho, kunakoanzia chini kabisa kwenye shina la ubongo, kuelekeza umakini huku au kule, na kushikilia unachofanya usivutwe na kingine, ambayo ni kazi kubwa ya sehemu ya mbele nyuma ya paji la uso. Nadhani mzee aliumia ile ya kuelekeza, iko juu nyuma ya sikio, wanaiita parietali. Na hapa kuna jambo, nusu ya kushoto ya ubongo inaangalia zaidi upande wa kuume tu, lakini nusu ya kuume inaangalia pande zote mbili, kwa hiyo ikiumia ya kushoto mwenzake anamsaidia, ikiumia ya kuume hakuna wa kuchunga kushoto.

Wala si macho peke yake. Mwaka 1978 watafiti wawili, Bisiach na Luzzatti, kule Milan, Italia, waliwaomba wagonjwa wa namna hii wawaze wamesimama kwenye uwanja mkubwa wa mji wao wakitazama kanisa kuu, wataje majengo. Wakataja ya kuume, ya kushoto wakayaruka. Wakaambiwa sasa wawaze wamesimama ngambo ya pili, mgongo kwa kanisa, wakataja yale yale waliyoyaruka na kuyaacha waliyotoka kuyataja! Kumbe yote waliyajua. Mimi hilo linanigusa kila nikilikumbuka, maana hata kichwani mwake mgonjwa nusu ya dunia inampotea na hajui kama imepotea. Ndiyo maana mzee atakukatalia, atasema yeye hana shida. Usigombane naye mama, kukataa huko mara nyingi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Nyumbani fanya hivi. Weka kitambaa chekundu mwisho wa kushoto wa meza, kabla ya kula na kabla ya kunyoa mwambie atafute chekundu kwanza, kila siku, mpaka shingo izoee. Ukiongea naye anzia kuume anakokusikia, halafu sogea kushoto polepole akufuate. Zima makelele ya redio, anachoka haraka. Wengi wanapata nafuu miezi ya kwanza, wengine inabaki kidogo, kwa hiyo usingoje, mrudishe lopitali wampime macho pia kwa sababu kuna kupoteza nusu ya kuona kunakofanana na hii, waangalie skaneri, na umuone mutu wa kine, yule wa mazoezi ya viungo.

Kichwa kikizidi kumuuma, akitapika, akilala lala ovyo, akipata kifafa au mkono ukilegea, ni siku hiyo hiyo, usingoje asubuhi, damu inaweza kujikusanya kichwani polepole hata wiki kadhaa baada ya kuanguka.

Na tukutuku, hapana. Najua ndiyo inayolisha watoto. Lakini huku kwetu tunaendesha kuume, gari zinazokuja zote zinapita kushoto kwake, pale pale asipopaona. Ficha funguo mpaka munganga aliyempima aseme sawa, na shemeji akiuliza msomee jibu hili.