Zamu zisizotabirika ghalani: nani alipe saa za kusubiri?

SWALI: Ndugu mhariri, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Unga Limited hapa Arusha, na kwa zaidi ya mwaka mmoja nimekuwa nikifanya kazi za saa chache katika ghala moja la bidhaa za dukani. Sina mkataba ulioandikwa. Majina ya watakaoingia kesho yake mnyapara huyatuma kwenye kundi la WhatsApp, mara nyingine saa nne usiku, mara nyingine alfajiri ya siku yenyewe. Kuna wiki ninaingia siku tano, na kuna wiki ninaingia siku moja. Tukiitwa saa moja asubuhi na lori likakwama Namanga au kwenye mizani, tunaketi juu ya viroba hadi saa nane mchana, na malipo yetu, ambayo ni ya saa, yanaanza kuhesabiwa pale turubai linapofunguliwa. Hivi karibuni tulipakua kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tano usiku, chakula tukala kwa robo saa, kisha nikatakiwa kurudi saa moja asubuhi. Nilipouliza, niliambiwa kibarua hana ratiba, na anayetaka ratiba akatafute kazi ya ofisini. Tangu hapo jina langu limekuwa likirukwa. Je, sheria inanilinda? – Mama wawili, Arusha.

JIBU: Pole sana, mama. Alichokuambia mnyapara kina ukweli kwa upande mmoja tu, na ni vizuri tuanze na upande huo ili usije ukapigania jambo ambalo sheria haikukupa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimlazimishi mwajiri akutangazie zamu siku kadhaa kabla, wala haimlazimishi akuhakikishie idadi fulani ya saa kwa wiki, isipokuwa pale ninyi wawili mlipokubaliana hivyo. Ziko nchi zilizokwenda mbali zaidi: Ujerumani, kwa mfano, mfanyakazi wa kuitwa kwa kadiri ya mahitaji anapaswa kujulishwa angalau siku nne kabla, la sivyo halazimiki kwenda. Kwetu kifungu cha namna hiyo hakipo. Huo ndio upungufu mkubwa wa sheria yetu kwa watu wa aina yako, na sioni sababu ya kuuficha.

Baada ya hapo mnyapara amekosea. Kuitwa kibarua hakukuondoi katika kundi la wafanyakazi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, kinaeleza kwamba mtu anayemfanyia mwenzake kazi atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa iwapo jambo lolote kati ya kadhaa yaliyotajwa lipo, na miongoni mwa hayo ni kwamba saa zake za kazi zinaamuliwa na huyo anayemfanyia kazi, au kwamba amemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Siku sita za saa nane ndani ya mwezi zinavuka kiwango hicho. Wewe, ambaye kuna wiki unaingia siku tano, umekivuka bila shaka, na huyo mnyapara anayetangaza saa zako usiku wa manane anathibitisha kwa mkono wake mwenyewe kwamba ndiye mwenye kuzipanga.

Ukishakuwa mwajiriwa, mipaka ya saa inakuhusu kama inavyomhusu mtu wa ofisini. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, na siku za kazi hazizidi 6. Saa za ziada zinahitaji makubaliano, na hata yakiwepo, kazi yote ya siku haipaswi kuzidi saa 12. Baada ya saa tano mfululizo unastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Kati ya kumaliza zamu moja na kuanza nyingine lazima zipite angalau saa 12. Siku ile uliyoieleza ilivunja karibu kila kimoja kati ya hivyo: uliingia saa nne asubuhi na kutoka saa tano usiku, yaani saa 13, ulikula kwa robo saa, na uliitwa tena baada ya saa 8 tu. Aliyekuita saa moja asubuhi alipaswa kukuita saa tano mchana.

Kuhusu fedha, tuchukue mfano wa ujira wa shilingi 2,000 kwa saa ili hesabu iwe nyepesi, na tuziache kando zile dakika za chakula. Saa 9 za mwanzo zinakupeleka hadi saa moja jioni, nazo ni shilingi 18,000. Saa ya kumi ni ya ziada, nayo hulipwa mara moja na nusu, yaani shilingi 3,000. Kuanzia saa mbili usiku sheria inahesabu kuwa ni kazi ya usiku, ambayo huongezewa asilimia 5 ya ujira, na kama saa hizo ni za ziada pia, hiyo asilimia 5 hupigwa juu ya kiwango cha saa za ziada. Kwa hiyo saa tatu za mwisho zina thamani ya shilingi 3,150 kila moja. Jumla ni shilingi 30,450. Kama ulilipwa saa 13 kwa kiwango kilekile cha mchana, ulipewa shilingi 26,000, na shilingi 4,450 zilibaki kwa tajiri. Kwa siku moja si fedha nyingi, lakini ghala lenye watu ishirini linalofanya hivyo kila lori likichelewa linajipunguzia gharama kwa jasho la watu.

Sasa tuje kwenye saa za kuketi juu ya viroba, ambazo naona ndizo kiini cha barua yako. Sheria haikuandika neno kwa neno kwamba kusubiri lori ni kazi. Hata hivyo, kwa maoni yangu, mtu aliyeamriwa kufika saa moja, akasaini daftari la getini na akawa haruhusiwi kwenda sokoni wala nyumbani kumwangalia mtoto, yuko chini ya amri ya mwajiri, na muda wake ni wa mwajiri. Hoja hiyo unaweza kuisimamia mbele ya msuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Ingekuwa tofauti kama mngeambiwa mbaki nyumbani mkisubiri simu. Ukipata nafasi ya kuzungumza na uongozi, mimi nisingeanza kwa kudai ratiba ya mwezi mzima, kwa sababu watakuambia lori halina ratiba na mazungumzo yataishia hapo. Ningedai mambo mawili: majina yatoke kabla ya saa kumi na mbili jioni, na anayefika getini kwa saa aliyoitwa alipwe kuanzia saa hiyo.

Utauliza utathibitishaje yote haya bila mkataba. Mwajiri ndiye aliyepaswa kukupa maelezo ya maandishi kuhusu ajira yako, yakiwemo saa za kazi na namna ujira unavyokokotolewa. Wasiohusika na haki hiyo ni wale wanaomfanyia mwajiri kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Asipoweza kuyaonyesha katika shauri, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti unalodai lilikuwepo. Hilo linakusaidia, lakini usilitegemee peke yake. Nunua daftari dogo, uandike tarehe, saa uliyoitwa, saa uliyofika, saa lori lilipofika, saa ya chakula, saa uliyotoka na fedha uliyopokea, na uandike siku ileile, si mwisho wa mwezi kwa kukumbuka. Kundi la WhatsApp usilitoke kwa hasira. Kila orodha aliyoituma mnyapara ina tarehe na saa, na kumbukumbu za malipo yaliyopita kwenye simu zina tarehe pia; ukizilinganisha na daftari lako zitasomana vizuri.

Lililobaki ni la haraka. Jina linaporukwa bila maelezo, siku ya kusitishwa kwa ajira haijulikani, na hapo ndipo wengi hupoteza haki zao, kwa sababu shauri la kuachishwa kazi isivyo halali linatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na madai mengine, kama ya malipo pungufu, ndani ya siku 60. Mwandikie mnyapara ujumbe wa heshima leo: “Shikamoo bosi, jina langu halijatokea tangu tarehe fulani, naomba kujua kama bado ninahesabiwa kwenye kazi.” Akijibu, una tarehe, akinyamaza, una ujumbe wenye tarehe. Kwa kuwa umepita miezi sita kazini, kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali inakufikia, na kuuliza kuhusu haki yako si sababu halali ya kukuondoa. Kama wanaorukwa ni wanawake wenye watoto kwa hoja kwamba hawafai zamu za usiku, litaje hilo pia, maana ubaguzi kwa sababu ya majukumu ya kifamilia umekatazwa. Tume ina ofisi Arusha na Moshi, na hatua ya kwanza ni kujaza fomu namba moja, ambayo nakala yake unampelekea mwajiri. Huhitaji wakili kwa hatua hiyo.

SWALI: Mimi ni msimamizi wa ghala la nafaka na kahawa mjini Moshi. Nasoma malalamiko ya vibarua kila mahali, lakini hakuna anayetuuliza sisi. Lori likitoka Dar es Salaam sijui litafika saa ngapi, na msimu wa kahawa ukianza nahitaji watu mara tatu ya kawaida. Nikiwalipa wakae bure, tajiri ananikata mimi. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msimamizi, shida yako ni ya kweli, ila si yote isiyotabirika. Lori linalotoka Dar es Salaam linapita Segera, Mombo na Same kabla ya kukufikia, na dereva ana simu. Mwombe akupigie akifika Same, kilomita zipatazo 100 kutoka hapo ulipo. Utakuwa na muda wa kutosha kuwaita watu wa Pasua na Majengo badala ya kuwaweka getini tangu alfajiri. Jioni toa orodha mbili: ya wanaoingia kwa hakika, ambao watalipwa hata gari likichelewa na ambao wanaweza kupanga magunia, kuchambua au kufagia, na ya wanaokaa nyumbani tayari kwa simu, wakipewa posho ndogo mnayokubaliana. Zungusha majina, watu wasidhani orodha ni ya ndugu na marafiki.

Kuhusu msimu, sheria imekuachia njia ambayo waajiri wachache wanaitumia. Kwa mkataba wa hali bora kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, saa zinaweza kuhesabiwa kwa wastani wa kipindi kisichozidi mwaka mmoja, mradi wastani usizidi saa 40 za kawaida na 10 za ziada kwa wiki. Wiki za kahawa zinakuwa ndefu na wiki za nje ya msimu fupi, na kila mtu anajua tangu mwanzo. Lakini lazima chama kiwepo mezani; kwa maghala ya biashara, zungumzeni na TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara. Tajiri akikataa gharama ya posho, mpigie hesabu ya madai ya saa za ziada ya watu wote kwa msimu mmoja, umwachie karatasi.

SWALI: Sisi hapa Ngaramtoni hatulipwi kwa saa bali kwa lori tunalopakua. Je, hayo ya saa yanatuhusu? – Mpakuaji.

JIBU: Yanawahusu. Kulipwa kwa lori ni namna ya kukokotoa ujira tu, na mipaka ya saa 12 kwa siku na mapumziko ya saa 12 kati ya zamu haibadiliki kwa sababu hiyo. Inapobidi kujua ujira wenu wa wiki ni kiasi gani, sheria inaangalia mlichopata katika wiki 13 zilizotangulia, au katika muda wote mliofanya kazi kama haujafika wiki hizo. Kwa hiyo andikeni idadi ya malori na fedha ya kila siku, kila mtu na daftari lake, kwa kuwa daftari la kiongozi wa kikundi likipotea mtakuwa mmepoteza ushahidi wa watu wote.