Skrini inaingia giza, na betri ya pili haichaji

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Kirumba hapa Mwanza, kazi yangu kuandikisha mizigo ya dagaa pale Mwaloni na siku nyingine naendaga Ukerewe na boti kufuata mzigo. Nilinunua laptopu ya mtumba zile ngumu za kazi za nje, ina betri mbili, moja ya kawaida na nyingine inaingia kwenye nafasi ya DVD. Sasa skrini inaingia giza ghafla nikiisogeza lakini mashine naisikia bado inaunguruma, af betri ya pili inasoma asilimia 0 hata nikiiacha kwenye chaja usiku kucha. Fundi mmoja kasema ninunue kioo na betri vyote vipya, hela hiyo sina. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hela yako kaa nayo kwanza, usinunue kitu mpaka ujue kilichokufa ni kipi.

Skrini ikiingia giza tu, chukua tochi ya simu mulika kioo kwa pembeni, karibu kabisa. Ukiona maandishi kwa mbali basi kioo kinachora picha vizuri, shida ni taa ya nyuma au umeme unaoifikia. Usipoona kitu chomeka monita au TV, na picha ikitoka huko ujue ubao mkuu unatoa picha, tatizo liko kati yake na kioo. Ila wewe umesema inazima ukiisogeza, na hilo mimi linanipeleka moja kwa moja kwenye waya wa skrini unaopita ndani ya bawaba. Fungua na kufunga kifuniko polepole, ikizima pembe ileile kila mara ni waya, na waya au kiunganishi chake ni kazi ndogo sana kuliko kioo kizima, mwambie fundi aanzie hapo.

Kitu kingine watu hawakijui ni sumaku. Laptopu nyingi zinajua kifuniko kimefungwa kwa sababu ya sumaku ndogo na sensa, kwa hiyo ukiiweka juu ya spika ya redio kwenye boti, au simu yenye kava la sumaku ikilala karibu na kibodi, mashine inadhani umeifunga na inazima skrini. Pia baadhi ya hizi ngumu zina kitufe cha kuzima mwanga wote kwa ajili ya polisi na wanajeshi wakiwa kazini usiku, hakikisha hujakigusa.

Betri sasa. Mashine nyingi zenye betri mbili hazichaji zote kwa pamoja, inajaa moja ndio inaingia nyingine, kwa hiyo chaja ikiwa dhaifu na wewe unaendelea kufanya kazi, ya pili haifikiwi kabisa. Soma lebo chini ya mashine ujue inataka chaja ya volti ngapi. Kama ni Toughbook ya Panasonic, nyingi zinataka volti 15.6 wakati chaja nyingi za mtaani ni volti 19, usibahatishe hapo. Kisha zima, chomoa chaja, toa betri zote, futa meno yake, yaani vile vibati vya shaba vinavyogusana na mashine, kwa spiriti na kitambaa kikavu maana unyevu wa ziwa na majimaji ya dagaa yanaacha kutu ya kijani kwenye shaba, acha ikauke ndio urudishe. Kama una Windows 8 au mpya zaidi fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike powercfg /batteryreport, utapata ripoti ya kila betri inayoonekana, uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Ya pili isipotokea kabisa kwenye ripoti, shuku meno au betri yenyewe.

Betri ya lithiamu iliyolala tupu muda mrefu ulinzi wake wa ndani unaweza kukataa chaji, na tafadhali sana usikubali mtu aiamshe kwa nyaya za nje, inaweza kuwaka moto. Ikiwa imevimba hata kidogo itoe leo, usiitoboe, usiitupe ziwani, na mashine tumia kwa betri moja, inafanya kazi tu.

Niandikie namba ya modeli iliyo kwenye lebo, na kama inazima pembe ileile, tukuangalizie waya wa kutafuta.