Hydra kwa boti ya matanga, pamoja na watoto na bibi yao

Familia nyingi zikifikiria visiwa vya Ugiriki huanza na Santorini na Mykonos, kwani ndizo picha zinazosambaa kila mahali. Ukienda kwa ndege na kulala hotelini, sawa. Lakini ukitaka kwenda kwa boti ya matanga, nawe una watoto wadogo au mzazi mtu mzima, nakushauri kwa moyo wote uelekee Ghuba ya Saronic, kusini-magharibi ya Athens, na kisiwa chako kiwe Hydra.

Sababu ya kwanza ni upepo. Julai na Agosti Bahari ya Aegean hupigwa na meltemi, upepo wa kaskazini usiohitaji wingu wala mvua. Jua linawaka, anga safi kabisa, na huku bahari imechafuka siku kadhaa mfululizo. Visiwa vya Cyclades, vikiwemo Santorini na Mykonos, viko katikati ya njia yake. Saronic imekingwa na bara pande mbili, Attica na Peloponnese. Upepo unafika, ila mawimbi hayapati nafasi ya kukua. Mtoto akitapika kutwa nzima siku ya kwanza, hatataka tena kusikia habari za boti, na huwezi kumlaumu.

Boti nyingi hukodishwa Alimos, kando ya Athens, kwa wiki, Jumamosi hadi Jumamosi. Kutoka hapo hadi kisiwa cha Aegina ni takriban maili 17 za baharini, kama saa tatu na nusu kwa mwendo wa kawaida. Ishieni hapo siku ya kwanza. Watoto hufurahi saa mbili, ya tatu wanauliza tumebakiza kiasi gani, ya nne wanagombana. Siku inayofuata nendeni Poros, ndipo Hydra. Nahodha akisema mnaweza kufika Hydra siku moja, hasemi uongo, lakini mkatalie kwa upole.

Nahodha mchukue hata kama nyumbani mna mtu mwenye cheti cha kuendesha boti. Sheria ya Ugiriki inataka mwenye cheti awepo pamoja na msaidizi mwenye uzoefu, na hao wawili wakishughulika na kamba na usukani, nani atamshika mtoto? Chakula cha nahodha ni juu yenu, na mahali pa kulala pia, kwa hiyo hesabuni vyumba mapema. Wetu alikuwa mtu wa subira kubwa. Mama yangu, aliyekulia Tanga akiangalia majahazi, alikaa tezini, nyuma ya boti, na kumuuliza, nikimtafsiria, mbona tanga hili halina foromali, ule mti wa kufungia tanga. Yule bwana akafunga usukani, akamwonyesha jinsi tanga linavyopandishwa kwa kamba sambamba na mlingoti, kisha akamkabidhi kamba aivute. Tangu hapo Mama akawa baharia, na wajukuu wakamtii kuliko walivyonitii mimi.

Lililo muhimu kuliko yote ni saa ya kufika. Bandari ya Hydra ni ndogo mno kwa sifa zake. Boti hutia nanga mbele, zikarudi kinyumenyume hadi gatini, tezi ikifungwa kwa kamba mbili. Pakijaa, zinazochelewa hujifunga mbele ya zilizotangulia, na nanga zikapandiana chini. Jioni ni makelele matupu. Fikeni saa tano asubuhi, waliolala wakiwa wanaondoka. Wakati wa kufunga, watoto wote wakae, mikono ndani, mpaka injini izimwe: mkono ukibanwa kati ya boti na gati, hakuna likizo tena. Pakiwa pamejaa kabisa, msilazimishe. Lazeni boti Ermioni, upande wa bara, mvuke kwa meli ya abiria.

Mkishashuka, mtaelewa kwa nini nasisitiza kisiwa hiki. Hakuna magari ya watu binafsi wala pikipiki. Mizigo yote hubebwa na punda na nyumbu. Wamepangwa pale gatini wakingoja, huyu amefungwa mitungi ya gesi ubavuni, yule katoni za maji, mwingine masanduku ya wageni. Aliyewahi kutembea Lamu atajiona hayuko mbali na kwao. Kwa mzazi, maana yake ni kwamba mtoto wa miaka saba anaweza kukimbia mbele kwenye vichochoro bila roho yako kuruka. Zile nyumba kubwa za mawe zilizopanda mlimani ni za matajiri wa meli wa karne ya 18 na ya 19, ambao meli zao zilipigana vita vya uhuru vya Ugiriki kuanzia 1821.

Fukwe ni za kokoto na miamba, basi beba viatu vya mpira. Samaki huuzwa kwa kilo: mwambie mhudumu ampime mbele yako na ataje bei kabla ya kumpeleka jikoni. Kwa asiyekula nguruwe, uliza vizuri, maana mishikaki yao mara nyingi ndiyo hiyo. Pweza wa kuchoma hana maswali.

Kwenye boti, maji ya tangi ni ya kuhesabu, na karatasi haitupwi chooni. Bomba ni jembamba, na likiziba mtaishi nalo. Dawa ya kichefuchefu hunywewa kabla ya kung'oa nanga. Majaketi ya kuokolea ya watoto yaulizieni kwa uzito wa kila mtoto siku ya kulipia, kisha mvalisheni kila mmoja hapo hapo Alimos kabla hamjasaini.

Mwezi mzuri ni Juni au Septemba. Mei maji bado ni baridi. Wanaotoka Tanzania au Kenya wanahitaji viza ya Schengen, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, pamoja na bima ya afya ya angalau euro 30,000. Anayelenga Juni aanze kukusanya karatasi Januari, na boti aitafute wakati huo huo, kabla zile zenye vyumba vinne hazijaisha.