Diski ya Nje Inayogoma Kuwasha Kompyuta ya Zamani

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Kagera. Kompyuta yangu mpakato ni ya mwaka 2008, yenye prosesa ya Core 2 Duo na RAM ya gigabaiti 2. Diski yake ya ndani imekufa, lakini ninayo diski ya nje ya gigabaiti 500, nikaona niitumie hiyo badala yake. Mwenzangu aliniazima kompyuta yake mpya, nikaitumia kuweka mfumo endeshi wa Debian, ambao ni aina ya Linux, kwenye diski hiyo ya nje. Kwake diski inawaka bila shida; kwangu kioo kinabaki cheusi na maandishi ya kwamba mfumo haukupatikana. Fundi ameniambia kompyuta imezeeka, ninunue nyingine. Je, ni kweli?

JIBU: Mwalimu, si kweli, na ninafurahi kwamba umeuliza kabla ya kuitoa kompyuta hiyo nyumbani. Maelezo yako yana jambo moja linalotosha kuonyesha tatizo lilipo: diski inawaka kwa mwenzako. Maana yake diski ni nzima na mfumo umo, ila umepangwa kwa namna ambayo kompyuta yako haiwezi kuusoma.

Kompyuta ya mwenzako huwaka kwa utaratibu uitwao UEFI, ambao unaweza kusoma jedwali la sehemu za diski la aina ya GPT, ukaingia katika sehemu maalumu na kulifungua faili la kuwashia lililohifadhiwa humo. Kompyuta nyingi za umri wa ile yako hutumia BIOS, utaratibu wa kuwashia wa zamani zaidi, na BIOS haijui faili ni kitu gani. Kazi yake ni kusoma sekta ya kwanza kabisa ya diski, yenye baiti 512, kuhakikisha kwamba baiti mbili za mwisho zina alama inayotakiwa, kisha kuendesha maelekezo yaliyoandikwa mwanzoni mwa sekta hiyo. Nafasi ya maelekezo hayo ni baiti 446 tu. Baiti 64 zinazofuata ndizo jedwali la sehemu za diski. Mpangilio huo huitwa MBR, nao ulikuja na PC DOS 2.0 ya IBM mwaka 1983. Pale ambapo sekta ya kwanza haina maelekezo, BIOS hutangaza kwamba hakuna mfumo, hata kama sehemu nyingine zote za diski zimejaa mfumo mzima. Ndiyo maana pia kunakili mafaili ya mfumo na kuyabandika kwenye diski hakuifanyi diski hiyo iweze kuwasha kompyuta.

Ushauri wangu ni kwamba usiiandae tena diski hiyo kwenye kompyuta ya mwenzako. Tafuta flashi ya gigabaiti 4 au zaidi, na kwenye kompyuta yake uitengeneze iwe flashi ya kuwekea Debian kwa programu ya Rufus, ukichagua mgawanyo wa MBR na kompyuta lengwa ya BIOS. Kisha iwashe kompyuta yako kwa flashi hiyo, uchomeke diski ya nje, na kuuweka mfumo juu ya diski hiyo ukiwa kwenye mashine yako mwenyewe. Kwa kuwa programu ya kuweka mfumo itakuwa imeanzia kwenye BIOS, itaandaa kiwashi, yaani programu ndogo inayouanzisha mfumo, kinachofaa BIOS. Itakapokuuliza kiwashi cha GRUB kiwekwe wapi, chagua diski ya nje yenyewe, si flashi. Wengi hukosea hapo, na flashi ikichomolewa kompyuta haiwaki tena. Hamisha kwanza maandalio ya masomo na kila ulichohifadhi kwenye diski, kwa sababu kazi hii itaifuta yote, na diski ya ndani iliyokufa ni bora ichomolewe ili isicheleweshe kuwaka.

Wakati wa kugawa diski, chagua jedwali la MBR, kisha tenga gigabaiti 1 mwanzoni kabisa kwa ajili ya mafaili ya kuwashia, kabla ya sehemu kubwa ya mfumo. Baadhi ya BIOS za zamani haziwezi kusoma zaidi ya gigabaiti 137 za mwanzo za diski, na kiwashi kikienda kutafuta mafaili yake mbele ya mpaka huo, hukwama. Mfumo ukishawaka kikomo hicho hakiusumbui tena, kwa kuwa Linux husoma diski kwa njia zake yenyewe bila kuitegemea BIOS.

Liangalie pia suala la umeme, ambalo mafundi hulisahau mara nyingi. Tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampea 500, na diski inayozunguka huweza kudai zaidi ya hapo inapoanza. Ukisikia inagonga na kuanza upya mara kwa mara, tumia kebo yenye vichwa viwili vya USB, uchomeke vyote viwili. Usipitishie diski kwenye kigawanya tundu kisicho na umeme wake.

Kuhusu Windows, programu yake ya kawaida ya kuweka mfumo hukataa diski iliyounganishwa kwa USB, kwa hiyo bakia na Debian. Chagua mazingira mepesi ya eneo-kazi kama Xfce au LXQt, na usifungue kurasa nyingi za intaneti kwa pamoja, kwani RAM ya gigabaiti 2 hujaa upesi.

SWALI: Kompyuta yangu ya mezani ya Pentium 4 haionyeshi USB popote katika orodha ya vifaa vya kuwashia. Nifanyeje? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza chomeka diski ndipo uiwashe kompyuta na kuingia kwenye BIOS, kwa sababu baadhi yake huiweka diski ya USB chini ya kundi la diski ngumu, na huionyesha tu ikiwa imechomekwa. Usipoiona hata hapo, choma programu ya Plop Boot Manager kwenye CD na uwashe kompyuta kwa CD hiyo. Programu hiyo ina uwezo wake wa kusoma USB, nayo itaikabidhi kazi diski yako. CD itabidi ibaki ndani kila unapowasha. Hakikisha pia kama prosesa yako ni ya biti 32, kama zilivyo Pentium 4 nyingi: Debian 13 iliyotoka mwaka 2025 haina tena programu ya kuweka mfumo kwenye mashine hizo, hivyo tumia Debian 12.